Namba ya Mpiga Kura Ni Amana: Jinsi ya Kuendesha Kampeni kwa Simu na Data Nchini Uganda

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mgombea wa udiwani, uenyekiti wa wilaya au ubunge ambaye hana washauri wa kulipwa kutoka ng'ambo, ila ana vijana watano wenye simu, kompyuta moja ya kuazima na nia ya kuwafikia wapiga kura wake kwa utaratibu. Nimefanya kazi ya kupanga orodha na jumbe za kampeni katika West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, hasa upande wa Koboko na Arua, ambako Kiswahili husikika sokoni, msikitini, kwenye stendi ya mabasi na katika nyumba ambazo baba ni Mkakwa na mama ni Mlugbara. Kazi hiyo imenifunza kwamba orodha ndogo ya watu waliotoa namba zao kwa hiari ina nguvu kuliko orodha kubwa iliyonunuliwa gizani, na karibu kila ninachoelekeza hapa chini kimetokana na funzo hilo.

Anza na daftari na matokeo yaliyopita

Taarifa ya kwanza ya kampeni haihitaji kununuliwa kwa mtu wa pembeni. Ni daftari la taifa la wapiga kura, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi, ambalo tangu uchaguzi wa 2016 limejengwa juu ya rejista ya vitambulisho vya taifa iliyo chini ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Mwaka 2021 daftari hilo lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 18, na kufikia uchaguzi wa Januari 2026 walikuwa wamepita milioni 21. Vyama na wagombea hupata nakala yake, na kabla ya uchaguzi hubandikwa hadharani ili kila raia akague jina lake. Daftari hukuonyesha nani ameandikishwa na atapigia kura wapi; halina namba ya simu, wala halisemi mtu anampenda nani. Kwa hiyo atakayekuja kukuuzia daftari lenye namba za simu anauza kitu ambacho Tume haikukitoa, na maana yake ni kwamba mahali fulani pameibwa taarifa za watu.

Chukua matokeo ya uchaguzi uliopita ya kila kituo katika eneo lako, uyapange kwenye jedwali la kompyuta: safu moja ya jina la kituo, nyingine ya walioandikishwa, ya waliopiga kura, ya kura zako au za chama chako, ya mpinzani wa karibu, na ya kura zilizoharibika. Kazi hii ni ya siku mbili tatu na wagombea wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha kwanza kina watu 700 walioandikishwa, waliokwenda kupiga kura ni 350, na wewe ulipata 210. Kituo cha pili nacho kina 700, wakapiga 560, ukapata 90. Mgombea asiye na jedwali atasema kwamba vituo vyote viwili ni vigumu. Mwenye jedwali ataona kwamba katika cha kwanza watu wako wamebaki nyumbani, hivyo wanahitaji kukumbushwa, kuelekezwa na kutiwa moyo, kazi ambayo simu inaiweza vizuri. Ilhali katika cha pili watu walitoka wakakukataa, na hapo hakuna ujumbe wa simu utakaofaa kabla mgombea mwenyewe hajakwenda kukaa nao na kuwasikiliza.

Angalia pia jinsi vituo vikubwa vinavyogawanywa kwa herufi za majina, kwa mfano A hadi M mahali pamoja na N hadi Z mahali pengine. Nimewaona wazee wakisimama kwenye foleni saa mbili nzima, kisha wakaambiwa jina lao liko upande wa pili wa uwanja, wakachoka na kurudi nyumbani. Ujumbe unaomweleza mtu kituo chake na foleni yake una thamani kuliko jumbe kumi za kumsifu mgombea.

Kukusanya namba kwa ridhaa

Katika kampeni yangu ya kwanza, wakala wetu mmoja alileta picha za daftari la kikundi cha akiba cha akina mama, majina zaidi ya thelathini na namba zao, akasema amepewa na mweka hazina. Tulikuwa na haraka, tukaziandika kwenye orodha na kutuma ujumbe jioni ile ile. Asubuhi alikuja mama mmoja ofisini, amekunja leso yake mkononi, akaniambia: “Mwanangu, namba hii niliwapa wenzangu wanijulishe siku ya kukutana. Wewe umeitoa wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwomba radhi, nikafuta namba zote za kikundi kile mbele yake, na tangu siku hiyo sijapokea orodha ambayo sijui kila aliyemo aliingiaje.

Kosa letu lilikuwa dogo kwa idadi, lakini ni la aina ile ile iliyotikisa dunia mwaka 2018, ilipofichuka kwamba kampuni ya ushauri wa kampeni ya Cambridge Analytica, ambayo ilikuwa imefanya kazi pia katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017, ilipata taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Waliojaza wenyewe dodoso la mtandaoni lililotumiwa kukusanya taarifa hizo walikuwa laki chache tu. Waliobaki waliingizwa kwa sababu walikuwa marafiki wao. Mtu mmoja alitoa cha wengine, kama mweka hazina wetu. Huko Kenya tena, Juni 2021, raia wengi walikagua mtandaoni wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, nao wakapeleka malalamiko kwa kamishna wa ulinzi wa data.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalihusu jambo hili moja kwa moja. Inahesabu maoni ya kisiasa, pamoja na imani ya dini, afya na hali ya fedha ya mtu, kuwa taarifa za pekee zisizokusanywa ovyo. Unaruhusiwa kuzishughulikia pale mwenyewe anapotoa ridhaa kwa hiari, au pale chama kisicho cha faida kinaposhughulikia taarifa za wanachama wake na za watu wanaowasiliana nacho mara kwa mara, bila kuzitoa nje pasipo ridhaa yao. Kupata, kutoa au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria kunaweza kumletea mtu faini ya hadi shilingi 4,900,000, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Wanaokusanya data wanatakiwa kujiandikisha kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na ofisi hiyo hiyo hupokea malalamiko ya raia. Mpiga kura anayesoma mwongozo huu ajue kwamba ana haki ya kumuuliza mgombea ana taarifa gani zake, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa.

Kwa hiyo wafunze mawakala wako sentensi moja, waiseme kwa lugha ya mwenyeji kabla ya kuandika chochote: “Tunaomba namba yako ili tukujulishe mikutano na mahali pa kupigia kura, hatutampa mtu mwingine, na ukitaka tuifute utatuambia.” Kisha wanyamaze wasubiri jibu. Anayesita asibembelezwe. Andika jina analopenda kuitwa, namba, kijiji, kituo chake cha kupigia kura, lugha anayopendelea, na jambo moja linalomkera: barabara, dawa kituoni, karo, bei ya mihogo. Usiandike namba ya kitambulisho cha taifa. Ile namba ya tarakimu na herufi 14 ndiyo inayosajilia laini za simu na kufungulia akaunti, kampeni haina kazi nayo hata kidogo, na siku ikivuja utakuwa umewafungulia matapeli mlango. Usiandike kabila wala dini. Najua wapo wanasiasa watakaosema kwamba hayo ndiyo huamua kura. Mimi nasema orodha ya majirani iliyopangwa kwa makabila ni hatari kwa mji uliochanganyika kama wetu, awe nayo nani.

Kuhusu vifaa, programu za kujazia fomu kama ODK na KoboToolbox hufanya kazi hata pasipo mtandao: wakala hujaza kijijini, taarifa hukaa ndani ya simu, na zinatumwa akifika penye mawimbi. Vijana wengi waliowahi kufanya kazi na mashirika ya misaada kwenye makazi ya wakimbizi tayari wanazijua, hivyo mafunzo ni ya asubuhi moja. Weka fomu ikatae namba isiyotimia tarakimu kumi, maana nusu ya matatizo ya orodha hutokana na namba iliyokosewa. Kisha kila jioni mtu mmoja, ambaye si wakala, apige namba tano alizozichagua bila mpango katika zile zilizoletwa siku hiyo, aulize kwa upole kama kweli mtu huyo alikubali. Wakala atakayejua kwamba anakaguliwa hatabuni majina chini ya mwembe.

Njia nyingine ya kupata namba safi ni redio, ambayo bado inasikilizwa nyumbani, shambani na juu ya boda boda kuliko chombo kingine chochote. Mgombea akiwa kwenye kipindi cha mazungumzo atangaze namba moja, na anayetaka habari aandike jina lake na kijiji chake. Huyo amekuja mwenyewe.

Kuandika na kutuma ujumbe

Simu nyingi za wapiga kura wa vijijini ni zile ndogo za vibonye, kwa hiyo ujumbe mfupi wa kawaida ndio unaofika kila mahali, na gharama yake inategemea jambo ambalo wengi hawalijui. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili. Lakini ikiingia hata herufi moja isiyokuwemo katika orodha ya msingi ya mitambo ya simu, uwezo wa ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, na vipande vyake vinakuwa vya 67. Herufi ŋ ya Luganda haimo katika orodha hiyo. Ritifaa iliyonyooka, kama ile ya neno ng'ombe, imo. Lakini iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza, haimo. Vikatuni vya kucheka na kupiga makofi navyo havimo. Ukiwa na ujumbe wa herufi 150 wa kuwatumia watu 4,000, utalipia jumbe 4,000. Ukiacha ŋ moja ndani yake, utalipia 12,000. Andika ujumbe wako kwenye programu nyepesi isiyopamba maandishi, uhesabu herufi, ujitumie wewe na wenzako watatu wenye simu tofauti, ndipo uutume kwa wengine.

Kampuni zinazotuma jumbe kwa wingi hukuwezesha kuweka jina la mtumaji badala ya namba. Linapendeza, ila mpokeaji hawezi kulijibu jina, kwa hiyo ukiandika “jibu ACHA kujiondoa” neno lake halitafika popote. Weka ndani ya ujumbe namba halisi ambayo mtu ataipigia, na awepo mtu wa kuipokea. Ujumbe wetu wa kawaida ulikuwa hivi: “Salaam. Timu ya mgombea wa udiwani inakualika Alhamisi saa 10 jioni, soko la zamani, kuzungumzia maji. Kujiondoa piga,” kisha namba. Unasema ni nani, wapi, lini, kuhusu nini, na mlango wa kutokea uko wapi. Anayepiga kujiondoa asiulizwe sababu; jina lake liwekwe kwenye orodha ya wasiotumiwa, ambayo hukaguliwa kabla ya kila utumaji, la sivyo atarudi kwenye orodha siku wakala mwingine atakapoleta fomu za kijiji chake.

Kumbuka kwamba simu moja mara nyingi ni ya nyumba nzima. Mume, mke na mtoto mkubwa huisoma wote, na si lazima wawe wa chama kimoja. Usiandike “asante kwa kukubali kutuunga mkono” katika ujumbe utakaofunguliwa na mtu mwingine. Andika mwaliko ambao yeyote akiusoma hautaleta ugomvi.

WhatsApp inafaa kwa mawakala na wafuasi wa karibu. Kundi linaweza kuchukua watu 1,024, lakini kila aliyemo huona namba za wenzake, na katika siasa hiyo ni sawa na kubandika orodha ya wafuasi wako ukutani. Kwa wapiga kura wa kawaida tumia orodha ya matangazo, ambayo hufika kwa watu hadi 256 kwa mara moja na huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Au fungua chaneli, ambamo wafuatiliaji hawaonani namba. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi huzuiwa kupelekwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara, hivyo sauti ya dakika moja ya mgombea, anayetaja kijiji kwa jina lake, husafiri vizuri kuliko bango la jumla lililokwisha kuzunguka wilaya nzima.

Matangazo ya kulipia ya Facebook yanahitaji tahadhari ya pekee. Mtandao huo ulifungwa nchini Januari 2021, baada ya kampuni yake kuondoa akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari na Mawasiliano, na Waganda wakazoea kuuingia kwa VPN, programu inayoficha mahali mtu alipo. Mtu aliyeko Koboko akipitia VPN huonekana yuko Uholanzi au Marekani, kwa hiyo tangazo uliloliagiza lionekane West Nile halimfikii, na fedha zako zinaishia kwa mtu usiyemjua.

Kuhusu sauti na picha za kughushi, ambazo sasa hutengenezwa kwa dakika chache, tangaza tangu mkutano wa kwanza kwamba kauli za mgombea hutoka kwenye namba moja tu, uirudie namba hiyo redioni kila wiki. Uongo ukija utakuwa na mahali pa kuukanushia.

Siku intaneti inapozimwa

Uchaguzi wa 18 Februari 2016 ulikuta mitandao ya kijamii na huduma za pesa za simu zimezuiwa. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kupiga kura, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa, na programu ya UVote, ambayo chama cha NUP kiliiandaa ili mawakala watume picha za fomu za matokeo, ilikosa njia ya kupitia. Januari 2026 intaneti ilizimwa tena siku mbili kabla ya kura. Mgombea anayejiandaa kwa 2031 achukulie kwamba siku ile hatakuwa na intaneti, na akiipata aishukuru.

Maandalizi yake ni ya karatasi. Wiki moja kabla, chapisha orodha ya mawakala wote na namba zao, nakala tatu, zikae katika nyumba tatu. Lipa mawakala nauli na chakula mapema kwa fedha taslimu, watie sahihi. Kila wakala awe na karatasi ya kunakilia matokeo ya kituo chake, adai nakala ya fomu ya matokeo iliyotiwa sahihi na msimamizi, kisha apige simu ya sauti kwa mpokeaji wake, asome tarakimu moja moja, na mpokeaji azirudie. “Mia mbili thelathini” na “mia mbili themanini” hukaribiana sana kwenye simu yenye kelele. “Mbili, tatu, sifuri” haichanganyiki. Mahali pasipo mawimbi, boda boda mmoja anayeaminika na aliyelipiwa mafuta ndiye mtandao wako.

Jihadhari pia na pesa za simu. Ukiwa na orodha ya namba elfu tatu, wapo watakaokushauri umtumie kila mmoja kiasi cha sukari usiku wa kuamkia kura. Hiyo ni rushwa ya uchaguzi mbele ya sheria, hata ikitumwa kwa jina la msaada, nayo huacha kumbukumbu ya saa, namba na kiasi, ambayo hakimu ataisoma. Tena unakuwa umegeuza orodha ya watu waliokuamini kuwa orodha ya ushahidi dhidi yao, kwa maana sheria humgusa hata anayepokea.

Kutunza orodha na kuifunga

Orodha kamili iwe kwenye kompyuta moja yenye nenosiri, na nakala rudufu moja iliyofungwa mahali pengine. Wakala apewe majina ya kijiji chake peke yake. Akiondoka, au akihamia kwa mpinzani, jambo ambalo hutokea kila msimu, ruhusa yake ya kuingia kwenye fomu na makundi ifutwe siku hiyo hiyo. Simu ikiibwa yenye majina ya watu, waambie wahusika, na uiarifu ofisi ya ulinzi wa data bila kuchelewa, kama sheria inavyotaka.

Uchaguzi ukiisha, tenganisha vitu viwili. Fomu za matokeo na ripoti za mawakala zihifadhiwe, kwa sababu kesi ya kupinga matokeo ya ubunge hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu yachapishwe katika gazeti rasmi la serikali, na bila karatasi hizo wakili hana la kusema. Namba za wapiga kura ni jambo jingine. Zilitolewa kwa ajili ya kampeni, na kampeni imekwisha. Ikiwa umeshinda na ungependa kuendelea kuwajulisha watu kazi za baraza, watumie ujumbe mmoja wa kuomba ridhaa upya. Waliokubali wabaki, waliokaa kimya wafutwe. Ikiwa umeshindwa, futa zote. Futa kwenye kompyuta, kwenye nakala rudufu, kwenye akaunti ya kampuni iliyotuma jumbe, na kwenye simu za mawakala mkiwa mmekaa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Fomu za karatasi zichomwe mbele ya mashahidi wawili, kisha tarehe na majina ya waliokuwepo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja utakaokaa ofisini, ili atakayekuja kuuliza namba yake iko wapi aonyeshwe.